MCHANGA WA MTO NA EKARI YAKO

Wakati wa kupalilia mahindi mzee mmoja alifika ofisini kwetu. Hati ya shamba lake ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na mkononi ameshika kamba ya katani yenye mafundo. Shamba lake liko kando ya Mto Malaba, upande wetu wa Kenya.

"Mwalimu," aliniambia (wengi huniita hivyo bado, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo), "nataka nipimiwe upya. Hati yasema ekari nne, lakini mistari ya mahindi imepungua. Zamani nikipanda kutoka kwenye mwembe hadi mtoni nilipata mistari 60. Mwaka huu nimepata 48. Ni nani aliyeniibia?"

Nilitwaa kalamu. Mistari 12, kila mmoja sentimita 75 kutoka kwa mwenzake, ni mita 9. Nikamwuliza, "Mzee, hujapata kuuza mchanga?"

Alinyamaza kidogo. "Niliuza, lakini si mwingi. Miaka miwili tu, nipate karo ya wajukuu. Na ule ulikuwa mchanga wa mto, mwanangu, haukuwa wa shamba."

Basi neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mzee huyu si mjinga wala si mlafi. Alidhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba mto ni kitu kimoja na shamba ni kitu kingine. Mashamba yaliyoliwa kama lake nimeyaona pia kando ya Mto Sio na Mto Malakisi. Nanyi mnaosoma gazeti hili katika skimu, habari hii yawahusu, kwa sababu mashamba mengi ya skimu yalikatwa kwa mtindo mmoja: kichwa cha shamba kwenye barabara, na mguu wake kwenye kijito. Mguu huo ndio unaopakiwa ndani ya malori.

Hapa mpakani ujenzi haulali. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na Malaba kadhalika ina kituo chake. Malori ya kutoka Mombasa kwenda Kampala hupita mchana na usiku, na penye malori hapakosi nyumba za wageni, maghala, maduka na vyumba vya kupangisha. Kila jengo lataka mchanga. Hata boda boda, ambayo ilizaliwa papa hapa mpakani katika miaka ya 1960 vijana walipokuwa wakivusha watu kwa baiskeli, siku hizi utaikuta imebeba magunia mawili ya mchanga kutoka mtoni. Sisemi watu wasijenge. Mimi mwenyewe ninajenga, pole pole, chumba baada ya chumba. Nataka tu tujue bei ya kile tunachokiita cha bure.

Kazi ya mto

Mchanga hauoti mtoni kama nyasi. Ni mawe yaliyosagika. Mvua na jua hubomoa miamba ya Mlima Elgon na mawe magumu ya vilima vyetu vya Chelelemuk na Amukura, kisha maji huchukua vipande hivyo na kuviburuta, vikigongana njiani hata vikawa punje. Kazi hiyo huchukua miaka mingi sana. Lori hujazwa na vijana wanne kabla ya chai ya saa nne.

Maji yaendayo kasi huweza kubeba mzigo mzito. Yakipunguza mwendo, huuangusha: kwanza kokoto, halafu mchanga mnene, halafu mchanga laini, na mwisho kabisa tope. Mkulima anayelima kwa ng'ombe ataelewa upesi yanayotokea mahali mto unapopinda. Ukigeuza ng'ombe mwisho wa mtaro, ng'ombe wa nje hukimbia na wa ndani hujikokota. Maji nayo ni hivyo hivyo. Upande wa nje wa kona huenda mbio na kuguguna ukingo. Upande wa ndani hutulia na kuweka mchanga. Kwa hiyo ukiona ufuo wa mchanga umelala ndani ya kona, hilo ni ghala ambalo mto hulijaza kila masika. Ukiona ukingo umesimama wima kama ukuta, ambao mchanga wake waonekana kwa tabaka, huo si ghala. Huo ni ukuta wa nyumba yako.

Sasa chimba shimo katikati ya mto. Maji yafikapo shimoni hutulia na kuangusha mchanga wote yaliokuwa nao. Yakitoka upande wa pili hayana mzigo, lakini nguvu yanayo. Huwa kama fahali aliyefunguliwa zizini na njaa: hula cha kwanza anachokikuta. Na cha kwanza ni sakafu ya mto iliyo chini ya shimo, na kingo za watu wa huko. Tena shimo lenyewe halitulii. Mdomo wake wa juu humomonyoka na kurudi nyuma, hatua kwa hatua kila mafuriko, hata sakafu ya mto ishuke mbali na mahali palipochimbwa. Hivyo mkulima ambaye hajauza hata karai moja huona ukingo wake ukianguka kwa ajili ya shimo la jirani, awe jirani wa juu au wa chini.

Sakafu ikishuka, ukingo huwa mrefu zaidi na mguu wake huwa mtupu. Udongo mkavu husimama. Ukilowa mvua huwa mzito, na maji ya mto yakipungua ghafla hakuna tena cha kuuegemeza. Ndiyo sababu kingo nyingi huanguka siku moja au mbili baada ya mafuriko kupita, wakati watu wamekwisha kushukuru kwamba hatari imeondoka.

Hesabu ya lori moja

Nilimfanyia mzee hesabu hii juu ya karatasi, nami nairudia hapa ili kila mmoja aifanye kwa shamba lake. Lori la tani 7 hubeba mchanga wa kadiri ya mita za ujazo 4 na nusu. Ukingo wako ukiwa na kimo cha mita 3, nawe ukauza mchanga wa ukingo huo, kila lori huondoka na mita moja na nusu ya mraba ya shamba. Ni kama mkeka wa kulalia mtu mmoja. Malori 10 kwa juma ni mita 15 za mraba. Kwa mwaka mzima wa majuma 52 ni mita 780 za mraba, na ekari moja ni mita za mraba 4,047. Maana yake umeuza karibu sehemu ya tano ya ekari kwa mwaka mmoja.

Na hesabu hiyo ni ya huruma, kwa maana inachukua kwamba ukingo wote ni mchanga safi unaolipiwa. Kwa kweli juu ya mchanga kuna udongo mweusi wa mita moja au zaidi, ule unaozaa mahindi. Huo hakuna anayeulipa. Huanguka, huenda na maji.

Linganisha basi. Sehemu ya tano ya ekari yaweza kukupa mahindi kila msimu, mwaka huu na mwaka wa wajukuu. Fedha ya mchanga hulipwa mara moja, na mwenye lori huuza mjini kwa bei nyingine kabisa. Hati yako haipungui hata kidogo: utaikuta bado imeandikwa ekari nne. Lakini hakuna mpimaji awezaye kukurudishia ekari iliyo ndani ya maji. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, mito na maziwa ni ardhi ya umma, na penye mto pamekuwa mto.

Kwetu mpakani kuna jambo la zaidi. Mpaka wa Kenya na Uganda, ulioelezwa katika amri ya mwaka 1926, hufuata sehemu za Mto Sio, Mto Malaba na Mto Lwakhakha. Mto ukihama kwa kuchimbwa, watu huanza kuulizana ufuo huu ni wa nani, na nyasi hizi za ng'ombe ni za nani. Nyumba za pande mbili zimeoana, zasema lugha moja, zazikana. Sioni sababu ya kuletewa ugomvi wa mpaka na koleo.

Kisima, samaki na shimo

Mchanga wa mtoni ni kama sifongo. Hunywa maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, na visima vilivyo karibu na mto hupata maji yake kwa njia hiyo. Sakafu ya mto ikishuka mita moja, maji ya chini ya ardhi yaliyo jirani nayo hushuka kuyafuata. Akina mama ndio hulijua jambo hili kwanza, kwa urefu wa kamba ya ndoo.

Wazee wa Samia na Bunyala watakueleza habari za ningu, samaki ambaye masika yakianza huacha Ziwa Viktoria na kupanda Mto Sio na Mto Nzoia kwenda kutaga. Samaki huyu ataka maji yapitayo vizuri. Mto uliovurugwa na kujaa tope kila siku haumfai, na leo ni haba mno kuliko alivyokuwa.

Nayo mashimo yaliyoachwa wazi hukusanya maji. Mbu huzaliana humo, konokono wa kichocho hupata makao, na mtoto anayekwenda kuogelea hajui kina. Nikiwa mwalimu wa zoezi nilikuwa na darasa ambalo kila siku ya soko lilipungua wavulana. Nilipouliza nikaambiwa wako mtoni wanapakia. Wengine hawakurudi darasani tena.

Yaliyowapata wengine

Wenzetu wa Ukambani walitutangulia katika taabu hii. Huko mito mingi huonekana mikavu, lakini ndani ya mchanga wake mna maji, na watu huchimba visima vifupi humo kunywa na kunywesha mifugo. Malori yalichukua mchanga kwenda kujenga Nairobi na miji mingine, hata sehemu nyingine ukabaki mwamba mtupu usiohifadhi tone. Palitokea magomvi, na watu waliuawa kwa ajili ya mchanga. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaweka na mamlaka maalumu ya kusimamia. Wamejenga pia kuta za zege kukata mito, mchanga ukarudi na kushika maji. Haikuwa kazi rahisi, nayo ilianza baada ya hasara.

Upande wa Uganda, watu wamelalamika miaka mingi juu ya uchimbaji wa Lwera, kwenye mabwawa ya Ziwa Viktoria kando ya barabara ya Kampala na Masaka. Mwezi wa Mei 2023 Mto Katonga ulifurika, barabara hiyo ikakatika darajani, na magari yakalazimika kuzunguka mbali sana. Mvua ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini wengi waliuliza pia juu ya mabwawa yaliyochimbwa na kufukiwa.

Wala si Afrika Mashariki peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lakadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Hata nchi za Ghuba zilizozungukwa na jangwa huagiza mchanga kutoka ng'ambo, kwa kuwa punje za jangwani zimesuguliwa na upepo hata zikawa za mviringo na hazishikani vizuri katika zege. Mchanga wa mto ndio unaotakiwa na kila mtu.

Kanuni zilizopo

Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA) ilitoa mwongozo wa uvunaji mchanga mwaka 2007. Nimekutana na wachimbaji wengi ambao hawajapata kuusikia, basi nitataja yaliyo makubwa. Mchanga wa mto huchukuliwa kwenye sakafu ya mto, wala si kwenye kingo. Hairuhusiwi kuchimba karibu na daraja, barabara, reli au tuta la kuzuia mafuriko, umbali wa mita 100 kila upande. Mchanga ulio ndani ya shamba lako waweza kuchimbwa, lakini mita 50 au zaidi kutoka ukingoni, kina kisizidi futi 6, shimo liwe wazi juu wala lisiwe pango, na lifukiwe kadiri kazi inavyoendelea. Malori hubeba mchanga kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Mtu akija na lori saa nane za usiku, si kwa sababu ya joto la mchana.

Hizo ni kanuni. Hekima ya ukulima yaongeza machache. Chukua mchanga wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, kwenye ule ufuo wa ndani ya kona, juu ya usawa wa maji. Kwangua juu kama unavyokwangua ugali sufuriani, usichimbe shimo. Acha tabaka nene chini. Masika yakipita nenda ukaangalie: kama ufuo umejaa tena, mto umekubali, kama haukujaa, mwaka huo usichukue, hata mnunuzi akiongeza bei.

Mtu mmoja peke yake hawezi kulinda mto. Lori likikataliwa kwangu litakwenda kwa jirani, na ukingo wangu utaanguka vile vile. Yafaa wenye mashamba ya sehemu moja ya mto, wa juu na wa chini, wakae pamoja na chifu, na jumuiya ya watumiaji maji kama ipo, wakubaliane mahali pamoja pa kuchukulia, njia moja ya malori, na daftari moja. Katika daftari yaandikwe tarehe, namba ya gari na kiasi. Sehemu ya fedha itengwe kununua miche na kufukia mashimo. Nakiri kwamba daftari ni jambo la makarani na wengine watanicheka. Lakini mahali pasipo na daftari hakuna ajuaye malori mangapi yamepita, na mwenye gari hukumbuka machache kila mara.

Ukingoni wenyewe pandeni matete, nyasi za nepia au mianzi, na msilime hadi kwenye mdomo wa maji. Sheria ya maji hutaka nafasi ya mita 6 hadi 30 iachwe, kwa kadiri ya mto ulivyo. Mikaratusi haifai hapo. Hunywa maji mengi, na ikikua mizito huangusha ukingo pamoja nayo.

Kujenga kwa mchanga mchache

Wanunuzi wa mchanga ndio sisi pia. Mchanga mwingi hupotea kiwanjani bila kujenga lolote. Mtu hununua lori zima miezi sita kabla fundi hajafika. Mvua huosha, mbuzi hupanda, watoto hucheza, na jirani huja na karai akiazima ambayo hairudi. Nunua kazi inapokaribia. Mwaga mahali pagumu, zungushia matofali, funika.

Kisha upime ubora. Njia ni rahisi na yafanyika jikoni. Chukua chupa ya kioo iliyo wazi, tia mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye kijiko cha chumvi hadi karibu ijae, tikisa kwa nguvu, weka mezani saa tatu bila kuigusa. Mchanga utakaa chini, na tope litakaa juu yake kwa mstari unaoonekana. Tope likizidi sehemu ya kumi ya kimo cha mchanga, mchanga huo ni mchafu. Simiti haitashika punje zilizopakwa tope. Lipu itapasuka, na fundi atakuambia uongeze mfuko. Mimi nilijenga jiko kwa mchanga wa namna hiyo kabla sijajua chupa. Lipu yote ilivuliwa kabla ya mwaka kwisha, nikanunua mchanga mara ya pili kwa ukuta ule ule.

Jambo jingine wasilolijua wengi ni hili. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Waweza kuongezeka robo nzima kuliko ukiwa mkavu. Kwa hiyo debe la mchanga wenye unyevu lina mchanga pungufu, na lori lililojaa asubuhi ya umande si sawa na lori la mchana wa jua. Mfuko wa simiti wa kilo 50 ni karibu madebe mawili. Ukitaka zege la sehemu 1 ya simiti, 2 za mchanga na 4 za kokoto, mfuko mmoja wataka madebe 4 ya mchanga na madebe 8 ya kokoto. Pima kwa debe, usipime kwa beleshi, maana beleshi la asubuhi na la jioni si moja.

Angalia unene wa sakafu. Nyumba ya mita 6 kwa 9 ikimwagwa zege la sentimita 10 yataka mchanga wa kadiri ya mita za ujazo 2 na nusu. Fundi akizembea kusawazisha udongo, zege likawa sentimita 15, mchanga utakaribia mita 4. Zaidi ya robo ya lori imezikwa chini ya kitanda chako, pamoja na simiti yake, na nyumba haikupata nguvu zaidi. Kadhalika viungo vya matofali: sentimita moja yatosha. Nimeona kuta zenye viungo vya sentimita tatu, kwa sababu matofali yalifyatuliwa kwa kalibu mbovu na kila moja lina umbo lake. Kalibu nzuri huokoa mchanga.

Yako pia ya kutumia badala yake. Matofali ya udongo wa maramu yaliyochanganywa na simiti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hayachomwi kwa kuni, na yale yanayopandana hayahitaji ila mchanga mchache sana wa kuungia. Kikundi chaweza kununua au kukodi mashine moja. Vumbi la mawe yaliyosagwa nalo lafaa, hasa likichanganywa na mchanga wa mto. Punje zake ni kali na hushikana, ila huhitaji maji zaidi kidogo katika kuchanganya. Sehemu zetu za Teso hazikosi mawe magumu. Vumbi hili hutumika sana Nairobi, na sioni kwa nini tulidharau sisi.

Neno kwa walio juu

Wakati mwingine husikia mtu akisema: "Mbona Budalangi mto umejaa mchanga hata unafurika? Si heri uchimbwe?" Ni swali la haki, halistahili kuchekwa. Mto Nzoia hufika huko bondeni ukiwa umechoka, huangusha mzigo wake, na sakafu yake hupanda kati ya matuta. Kuutoa mzigo huo kwa mpango, kwa uongozi wa wahandisi, huenda kukasaidia mahali fulani. Lakini mtu na koleo lake chini ya tuta hasaidii. Anadhoofisha mguu wa tuta lile lile linalomlinda. Watu wa Bunyala wanajua tuta likipasuka huwaje. Waliona mwaka 2008, wakaona tena mwaka 2020.

Tena sehemu kubwa ya mzigo huo si mchanga wa kujengea. Ni udongo laini wa mashambani, na Nzoia huukusanya kutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, ukipitia nchi za skimu: Lugari, Tongaren, Ndalu. Mkulima wa huko anayelima kuteremka mlima, bila matuta ya fanya juu, anatuma shamba lake Budalangi bila nauli. Kwa hiyo kijito kilicho mguuni mwa shamba lako, hata kama hakijawahi kuona lori, kina habari na watu wa mbali.

Kuhusu yule mzee wa Malaba, hakupimiwa upya. Bwana Shamba alikwenda naye mtoni, wakakuta ukingo umesimama wima mita tatu na mguu wake umeliwa ndani. Walikubaliana aache mita 6 bila kulima na kupanda matete na nepia, ambayo ng'ombe wake wawili watakula. Jirani yake wa chini amekubali kufunga njia ya malori. Wa juu bado anafikiri. Mvua kubwa zilipokwisha mzee alihesabu tena mahindi yake kutoka kwenye mwembe. Alipata mistari 47.